Madarasa ya jioni ya wanandoa wahamiaji mjini Louisville: tathmini yangu baada ya majuma 8

Mwezi uliopita mimi na mume wangu tulimaliza madarasa ya wanandoa wahamiaji yanayotolewa bila malipo hapa Louisville, jimbo la Kentucky. Nimeona niandike tathmini yake kwa Kiswahili kwa sababu wengi wanaoyahitaji ni watu wa lugha yetu: Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu au makazi ya Nakivale nchini Uganda, Warundi, Wakenya, na Watanzania wachache kama sisi tuliotoka Ujiji. Shirika linaloyaendesha sitalitaja jina, kwa kuwa kundi letu lilikuwa dogo na nikilitaja, wenzetu waliofungua mioyo yao mle ndani watatambulika kwa urahisi.

Madarasa haya hayahusu vipigo. Yanahusu kile ambacho maofisa ustawi wa jamii wa kwetu hukiita ukatili wa kisaikolojia, yaani matusi, vitisho, kumdhalilisha mwenzako mbele ya watoto au ndugu, kuvunja simu yake kwa makusudi, na maneno yanayosemwa leo na kuuma mwaka mzima. Wengi wetu tulikuwa tukiyaita mambo hayo ugomvi wa kawaida wa nyumbani, na kwa muda mrefu hata mimi niliyaita hivyo. Mwaka 1989 watafiti wawili wa Marekani, Murphy na O'Leary, walichapisha uchunguzi wa wanandoa wapya ulioonyesha kwamba ukali wa maneno hutangulia, na kwamba unaweza kumwambia mtu mapema ni nyumba ipi itakayofikia mikono baadaye. Mwezeshaji alitueleza hilo usiku wa kwanza, na ukumbi ulinyamaza.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Mnakutana kila Jumatano kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, watoto hulelewa chumba cha pili, na chakula kipo: wali, maharage, siku nyingine chapati na kuku. Kinachoyapambanua madarasa haya na semina za ndoa nilizowahi kuhudhuria, za kanisani na za ofisini, ni kwamba wanandoa hawakuwekwa wote katika chumba kimoja. Tuligawanywa kwa umri: walio chini ya miaka 30, wa miaka 30 hadi 54, na wa miaka 55 na kuendelea. Kila juma la pili makundi yote yalikutana kwa nusu saa, na msemaji wa kila kundi akaeleza yaliyozungumzwa bila kutaja jina la mtu. Mgawanyo huo ndio sababu kubwa ya mimi kuyasifu madarasa haya, na nitaeleza kwa nini, lakini kwanza niseme juu ya usaili na juu ya dodoso, kwa sababu hapo ndipo palipo na ubora mmoja mkubwa na kasoro mbili.

Kabla ya kupokelewa, mume na mke husailiwa kila mmoja peke yake. Miongoni mwa maswali kuna moja fupi: je, unamwogopa mwenzako? Anayejibu kwamba anaogopa hapangiwi darasa la pamoja, bali huelekezwa kwa mshauri wake mwenyewe na, akitaka, kwa mwanasheria. Huo ni uamuzi wa busara. Nyumba ambayo wawili wanarushiana maneno na wote wawili wanajuta asubuhi si sawa na nyumba ambayo mmoja ameshika fedha, simu, hati na ratiba ya mwenzake, na mwenzake akijibu neno moja anajua kitakachofuata. Ya kwanza inaweza kusaidiwa na darasa. Ya pili darasa linaweza kuifanya iwe mbaya zaidi, kwa sababu aliyeogopa ataambiwa aseme ukweli mbele ya anayemwogopa, halafu warudi nyumbani katika gari moja. Kasoro ni kwamba usaili wenyewe ulifanyika katika chumba chenye ukuta wa mbao nyembamba, na mimi nikiwa nimekaa kwenye benchi la nje nilisikia sauti ya mume wangu, hata kama sikuyasikia maneno yote. Mwanamke mwenye hofu ya kweli asingejibu swali lile katika chumba kile. Niliwaambia, nao wakahamishia usaili wa waliofuata ghorofa ya juu.

Dodoso walilotumia ni lile mashuhuri la kupima ugomvi na ukatili kati ya wenzi, lililotungwa na mtafiti wa Marekani, Murray Straus, na wenzake na kuchapishwa katika umbo lake la sasa mwaka 1996. Lina maswali 78, yaani mambo 39 yanayoulizwa mara mbili: mara ngapi katika miezi 12 iliyopita umemfanyia mwenzako jambo fulani, na mara ngapi amekufanyia wewe. Sehemu ya ukatili wa kisaikolojia ina mambo 8, na ukiyasoma yanagusa: kumtukana, kumpigia kelele, kumwita mnene au mwenye sura mbaya, kuharibu kitu chake, kutishia kumpiga, na mengineyo. Kuhesabu kunasaidia. Mtu anayesema kwamba wao hugombana mara mojamoja hushtuka akilazimika kuchagua kati ya mara 6 hadi 10 na mara 11 hadi 20.

Tatizo ni kwamba dodoso hilo liliandikwa kwa ajili ya watu wa hapa, na tafsiri tuliyopewa ilifanywa na mtu aliyejua maneno bila kujua nyumba zetu. Jambo moja lililokusudiwa kusema kwamba mtu aliondoka katikati ya mazungumzo kwa hasira liliandikwa kana kwamba alikanyaga kitu sakafuni, na mama mmoja wa Uvira aliuliza kwa dhati kama ni kosa kukanyaga zulia. Lakini tafsiri mbaya ni jambo dogo kuliko yale ambayo hayamo kabisa. Kununa hakumo. Umbo la kwanza la dodoso hilo, la miaka ya 1970, lilikuwa na swali la kununa na kukataa kuzungumza, nalo likaachwa baadaye, ilhali katika nyumba zetu mtu anaweza kumnunia mwenzake majuma mawili, wakalala kitanda kimoja, wakatumana kwa mtoto mezani, na dodoso lote likarudi na sifuri. Vijembe havimo, wala kususa chakula alichokipika mwenzako. Na hayamo masimango.

Neno hilo, masimango, lilitamkwa juma la tatu na mama mtu mzima kutoka Fizi, nalo likageuza mafunzo yote. Mwezeshaji, ambaye ni Mmarekani mwenye uzoefu mrefu, alimwomba mkalimani afafanue, na mkalimani akatumia karibu dakika nzima, kwa sababu lugha ya wenyeji haina neno moja la kumkumbusha mtu wema uliomtendea ili ajione si kitu. Mtu anayesimanga hatukani. Anaorodhesha. Nimekulisha, nimekuvisha, nimekuleta, na bila mimi ungekuwa wapi. Kwa maoni yangu hicho ndicho chombo kikuu cha ukatili wa kisaikolojia katika ndoa za wahamiaji, kwa sababu uhamiaji wenyewe huzalisha deni kila siku: mmoja alitangulia akamleta mwingine, mmoja anajua lugha na mwingine hajui, mmoja ana leseni ya udereva na mwingine hupelekwa kila anapokwenda. Na hapa ndipo mgawanyo wa umri ulipoonyesha thamani yake, kwa kuwa kila rika lina deni lake la kusimangiana.

Tafiti za Marekani zinakubaliana kwa jumla kwamba ukali wa maneno ni mwingi zaidi kwa wanandoa vijana na hupungua kadiri umri unavyosonga, na kwamba pombe huuongeza katika kila rika. Msemaji wa kundi la vijana alituthibitishia hilo bila kukusudia, kwa jinsi alivyoeleza makelele yao. Lakini alitaja pia vihatarishi ambavyo kijana mzaliwa wa hapa hana. Wengi wao walikulia kambini, ambako hapakuwa na kodi ya nyumba, wala bima ya gari, wala bili ya umeme, na sasa wote wawili wanafanya kazi katika maghala, mmoja zamu ya mchana na mwingine zamu ya usiku, na wanaonana zaidi kwenye simu kuliko kitandani. Simu ndiyo imekuwa uwanja wa vita. Kuna ujumbe usiojibiwa, kuna picha iliyopendwa na mtu asiyejulikana, kuna neno la siri linalodaiwa kwa jina la mapenzi. Na kwa wale walioletana kwa ndoa, silaha ni hati. Kijana mmoja alikuwa amezoea kumwambia mkewe kwamba simu moja tu kwa uhamiaji inatosha kumrudisha kwao, na msemaji alisema kwamba kijana huyo mwenyewe aliyatamka maneno hayo darasani akidhani ni utani.

Juma la tano lilikuwa la sheria, na lilikuwa bora kuliko yote. Mwanasheria aliyealikwa alieleza taratibu, bila haraka, kwamba mtu aliyepata ukaazi kwa ndoa iliyokuwa haijatimiza miaka 2 hupewa kadi ya muda wa miaka 2, na kwamba kwa kawaida wanandoa huomba pamoja kuondolewa sharti hilo katika siku 90 za mwisho. Anayeteswa, hata hivyo, anaweza kuomba peke yake. Alieleza pia kwamba tangu sheria ya mwaka 1994 ya kuwalinda wanawake dhidi ya ukatili, ambayo huwalinda wanaume vilevile, mke au mume wa raia au wa mkaazi wa kudumu anaweza kujiombea hati mwenyewe bila mwenzake kujua, na kwamba sheria inazungumzia kipigo au ukatili uliokithiri, na huo wa pili unaweza kuwa wa vitisho na udhalilishaji bila hata kofi moja. Maofisa wamekatazwa kumpa mtesaji habari za ombi hilo. Jambo lililonishangaza zaidi ni la dhamana: aliyetia saini kumdhamini mwenzake kwa riziki hafunguliwi na talaka, na wajibu wake huendelea mpaka mdhaminiwa awe raia, au ahesabiwe robo-mwaka 40 za kazi, yaani takriban miaka 10, au afariki dunia, au aondoke nchini moja kwa moja. Niliwaona mabinti wawili wakiandika hayo kwa haraka kwenye viganja vyao kwa sababu karatasi zilikuwa zimekwisha. Masimango ya kuletwa na kurudishwa yalipoteza nusu ya nguvu yake usiku ule.

Kundi letu la umri wa kati lilikuwa kubwa kuliko yote, na kwetu deni ni la fedha na la cheo. Wanaume wengi walikuwa watu wa kuheshimiwa walikotoka: mwalimu mkuu, karani wa forodha, mchungaji, mfanyabiashara wa samaki. Hapa mke ameajiriwa kwanza, mara nyingi katika nyumba za kutunzia wazee au hospitalini, na mshahara wake umeuzidi wa mumewe. Kuna watoto wanaojua Kiingereza kuliko wazazi, wanaotafsiri barua ya shule na, kwa bahati mbaya, hutafsiri pia ugomvi wa baba na mama mbele ya mwenye nyumba. Halafu kuna ndugu wa nyumbani. Ada ya mpwa, matibabu ya mama, matanga ya mjomba, vyote hufika kwa simu siku ya mshahara, na swali la fedha zitakwenda kwa ndugu wa nani limevunja amani katika nyumba nyingi kuliko pombe, angalau katika kundi letu.

Siku ya nne mwezeshaji alitugawia vipande vya karatasi na kututaka kila mmoja aandike sentensi moja aliyomwambia mwenzake akiwa na hasira, kisha aisome kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma tangazo. Mume wangu aliandika polepole. Ana miaka 57, na alikuwa fundi wa mashine za boti pale Kigoma, mtu ambaye manahodha walimngojea gatini. Alisoma: «Hapa umekuwa mwanaume wewe.» Ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimeandika maneno niliyomwambia mwezi wa Januari, barua ya benki ilipofika na akaishika juu chini, mtoto wetu akiwa mezani: «Bila mimi nani angekusomea hata barua yako mwenyewe?» Nilipoyasoma kwa sauti ya kawaida, bila ile hasira iliyoyabeba, nilisikia jinsi yalivyo. Mume wangu hakuniangalia. Alikuwa akikunja kile kipande chake cha karatasi mara mbili, mara nne, mpaka kikawa kidogo kama punje ya hindi, na nikatambua kwamba miezi yote ile niliyokuwa nikijihesabu kuwa mvumilivu, nilikuwa nikimsimanga mtu ambaye alinipeleka shule ya jioni kwa fedha za boti zake.

Kwa zoezi hilo peke yake ningeyapa madarasa haya alama ya juu. Ni rahisi, halihitaji mtaalamu wa saikolojia, na linafanya kile ambacho dodoso la maswali 78 halikuweza kufanya kwangu, ambaye majibu yangu yalionyesha kwamba sina matatizo.

Hata hivyo mgawanyo wa umri ulitekelezwa kwa mkono mgumu. Mimi nina miaka 49, kwa hiyo tulipangwa kundi la kati kwa umri wangu, na mume wangu akajikuta akizungumza juu ya kustaafu mbele ya vijana wa miaka 32. Ndoa nyingi za kwetu zina tofauti ya miaka 8, 10, hata 15 kati ya mume na mke, na tofauti hiyo yenyewe ni kihatarishi, kwa sababu kwa mmoja milango inaanza kufunguka wakati kwa mwenzake imeanza kufungwa. Programu ingepaswa kuliona hilo. Tulipoomba, tuliruhusiwa kukaa na wazee kuanzia juma la sita, na nashukuru kwa hilo.

Kundi la wazee lilikuwa na wanandoa watano tu, na mwanzoni nilidhani hawana la kusema. Hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Mzee mmoja na mkewe wameoana tangu kabla ya vita vya Kongo vya 1996, wamekimbia pamoja mara tatu na wamezika watoto pamoja. Lakini ukali wao upo, umetulia kama maji ya kisima. Bibi analea wajukuu, anaitwa, anahitajiwa, anajua majirani. Mzee amebaki dirishani. Hajui kuendesha gari, basi humpita kwa sababu hawezi kusoma bango lake, na majira ya baridi humfungia ndani kuanzia Novemba hadi Machi. Yule aliyekuwa akisuluhisha ugomvi wa kijiji kizima sasa anaomba funguo. Naye hujibu kwa njia pekee iliyobaki, yaani kununa, kukataa chakula, kumwambia bibi kwamba amekuwa mtumishi wa mkwewe. Bibi naye humjibu kwa kumwacha siku nzima bila kumsemesha. Posho ya serikali kwa wakimbizi wazee ina ukomo wa miaka 7 ikiwa mtu hajawa raia, na hofu ya uraia, mtihani na lugha huingia nyumbani kila siku. Mwezeshaji aliwaeleza kwamba aliyefikisha miaka 55 na ukaazi wa kudumu wa miaka 15, au miaka 50 na ukaazi wa miaka 20, husamehewa Kiingereza na kufanya mtihani wa uraia kwa lugha yake, lakini miaka hiyo ni mingi mno kwa mtu aliyefika akiwa na miaka 63.

Kwa hiyo tafiti zinaposema kwamba ukali hupungua kwa umri, mimi nasema hupungua ule unaohesabiwa. Dodoso lisilouliza juu ya kununa litawaona wazee wote kuwa na amani.

Kasoro kubwa kuliko zote, ambayo naitaja kwa masikitiko kwa sababu wahusika walikuwa na nia njema, ni ukalimani. Kwa majuma manne ya kwanza mkalimani alikuwa kijana mpole, hodari, anayeijua kazi yake, lakini ni kijana wa jamii yetu, anayesali nasi, na shangazi yake alikuwa ndani ya kundi la wazee. Mama mmoja aliacha kuja baada ya juma la pili, na nilipokutana naye sokoni aliniambia kwa ufupi, «Dada, siwezi kuvua nguo mbele ya mtoto wa shemeji.» Baadaye wakaanza kutumia mkalimani wa simu kutoka jimbo jingine, na ingawa sauti ilikatika mara kwa mara, watu walizungumza zaidi kuliko walivyozungumza wakati wowote. Jambo hili lilipaswa kujulikana tangu siku ya kwanza. Katika jamii ndogo, siri si suala la kiapo cha mkalimani, ni suala la nani ni ndugu wa nani.

Ningemshauri nani aende? Wanandoa wa umri wowote ambao wote wawili wanakubali kukaa kwenye kiti kimoja cha aibu. Waende hasa wale waliofika chini ya miaka 3 iliyopita, kabla masimango hayajawa mazoea. Anayemwogopa mwenzake asiende na mwenzake. Apige simu ya taifa ya waathirika wa ukatili wa nyumbani, 1-800-799-7233, ambayo imekuwa ikipokelewa tangu 1996, usiku na mchana, na akisema neno «Swahili» huunganishwa na mkalimani asiyemfahamu.

Usiku wa mwisho tuliombwa kuandika yanayopaswa kubadilishwa. Niliandika matatu: dodoso liongezewe kununa na masimango, mkalimani awe wa simu tangu juma la kwanza, na wazee wakutane mchana, kwa kuwa hakuna mzee anayependa kungojea basi gizani. Wametujibu juma hili. Maswali mawili ya nyongeza yameandikwa, kwa Kiswahili kwanza, na mama yule wa Fizi ndiye aliyeombwa kuyasahihisha. Mkalimani wa simu amekubaliwa. Kundi la wazee litakuwa Jumamosi saa 4 asubuhi kuanzia Septemba, na mume wangu ameomba awe anawapitia kwa gari wale watano, kwa sababu leseni yake imetoka.